Gololi Haifiki Inapotakiwa: Kusaka Nishati "Iliyopotea" Maabara

Karibu kila mwaka kesi hii inarudi mezani kwangu. Wanafunzi wameshafundishwa kwamba kitu kikishuka kutoka juu, nishati tuli yake inageuka nishati mwendo, na kama hakuna kinachoiba katikati, mgh ya juu (masi mara mchapuko wa mvutano wa dunia, g, mara kimo) itakuwa sawa na ½mv² ya chini (nusu ya masi mara kasi kipeo cha pili). Wanaingia maabara na gololi, rula na simu. Wanapima, wanakokotoa, na hesabu haifungi. Kundi moja limepata asilimia 60 ya kilichotakiwa. Kundi jingine limepata asilimia 144, na wanatazamana kama watu waliookota pesa njiani wasijue ni za nani. Mwisho makundi yote mawili yanaandika sentensi moja: "Tofauti imesababishwa na msuguano."

Tumemfanya msuguano mchawi wa kijiji. Ng'ombe akifa ni yeye, mvua ikikawia ni yeye. Lakini msuguano hauwezi kukuongezea nishati ukafika 144, na hata kwa kundi la 60, mwizi si yeye kwa namna wanayodhani. Mara nyingi nishati ipo, imekaa mahali ambapo hamkuhesabu. Mara nyingine haikuwahi kukosekana. Kipimo ndicho kilichodanganya.

Kabla ya kumtaja mtuhumiwa yeyote, badilisha kimo cha kuachia, tuseme mara tano, kisha tazama pengo linavyokwenda. Likibaki asilimia ileile kwa vimo vyote, kuna kitu kinachochukua fungu lake kwa uwiano, au skeli yako ya urefu au ya muda ina kasoro. Likiwa kubwa kwa vimo vidogo na likafifia kwa vimo vikubwa, umekosea kupima kimo kwa kiasi fulani kisichobadilika. Likikua kadiri kasi inavyokua, fikiria hewa. Na kama majibu yanarukaruka bila mpangilio hata kwa kimo kimoja, usiguse kanuni yoyote. Angalia mkono unaoachia gololi.

Dalili ya kwanza: gololi inaangukia karibu na meza kuliko hesabu inavyosema

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji kifaa cha bei. Chukua kipande cha reli ya pazia, kikunje taratibu ili upande mmoja upande juu na upande wa pili ulale sawa na meza. Achia gololi juu. Inashuka, inaondoka mezani ikiwa mlalo, inaangukia kwenye karatasi nyeupe iliyofunikwa na karatasi ya kaboni. Kaboni inaacha nukta. Unapima umbali R kutoka chini ya ukingo wa reli (dondosha timazi ili upate mahali penyewe) hadi kwenye nukta.

Ukiita kimo cha kushuka kwenye reli h na kimo kutoka ukingo wa reli hadi sakafuni y, hesabu ya kawaida inakupa R = 2√(hy). Tazama kitu kimoja hapo: g imejifuta. Wale wanaobishana kama watumie 9.8 au 10, au wanaosema huku kwetu karibu na ikweta g ni 9.78, wapumzike. Kwa jaribio hili g haiwezi kuwa chanzo cha tatizo.

Weka namba. h ni sentimita 20, y ni sentimita 75. Zidisha, 1500, kipeuo chake cha pili ni 38.7, mara mbili ni sentimita 77.5. Sasa achia gololi. Itaangukia sentimita 60 hivi. Ukigawa 60 kwa 77.5 na kuchukua kipeo cha pili cha jibu, unapata 0.60. Hilo ndilo kundi la asilimia 60.

Chanzo kikubwa ni kwamba gololi haikuteleza, imebingirika. Sehemu ya mgh imekwenda kuisogeza mbele na sehemu imekwenda kuizungusha, na R inaona ile ya kusogea mbele peke yake. Kwa tufe lililojaa linalobingirika kwenye ubao bapa, mgawanyo ni sehemu 5 kati ya 7 za kusogea na 2 za kujizungusha. Haijalishi gololi ni ya kioo au ya beringi, kubwa au ndogo. Kwa hiyo R sahihi kwa ubao bapa ni 77.5 mara kipeuo cha 5/7, yaani sentimita 65.5.

"Mwalimu, bado zinapungua tano." Ndiyo, kwa sababu hamkutumia ubao bapa, mmetumia reli. Gololi kwenye reli haikanyagi kwa kitako chake. Imeegemea kingo mbili, moja kila upande, na sehemu zinazogusa ziko juu ya kitako. Ni kama imevaa gurudumu dogo kuliko mwili wake. Ili isogee umbali uleule inabidi ijizungushe kwa kasi zaidi, na fungu la mzunguko linanenepa. Kwa gololi yenye kipenyo cha milimita 16 kwenye mfereji wenye upana wa milimita 10, nusu kipenyo inayofanya kazi ni kipeuo cha 64 kutoa 25, yaani milimita 6.2 badala ya 8. Fungu la kusogea linashuka kutoka asilimia 71 hadi asilimia 60 na kidogo. R inakuwa sentimita 60.2. Kesi yao karibu yote imeisha bila kumgusa mchawi.

Mwanafunzi mjanja atasimama hapa na kusema: lakini ni msuguano huohuo ulioizungusha gololi! Ni kweli, na mpe maksi zake. Bila msuguano gololi ingeserereka kama sabuni na kufika 77.5. Ila msuguano wa kubingirika bila kuteleza haugeuzi nishati kuwa joto. Unaihamisha tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Ushahidi ni rahisi kuupata. Kunja reli iwe na umbo la bakuli, ipande pande zote mbili, uachie gololi upande mmoja. Kama zile asilimia 40 zingekuwa zimepotea kweli, upande wa pili ingepanda hadi kimo cha 60 kati ya 100 na kuishia hapo. Lakini inapanda karibu kimo chote, pungufu ya vidole vichache. Mzunguko umerudisha deni lake njiani.

Galileo alikutana na pengo hilihili. Kuna karatasi yake ya mwaka 1608 hivi, iko maktaba ya taifa ya Florence, yenye mchoro wa mipira inayoruka kutoka mezani na namba zimeandikwa pembeni. Meza yake ilikuwa na kimo cha punti 828. Punto moja ni chini kidogo ya milimita. Mpira ulioshuka punti 1000 juu ya meza uliangukia punti 1500 kutoka ukingoni. Kanuni ya 2√(hy) ingempa 1820. Kwa tufe linalobingirika kwenye bapa tunatarajia 1538. Nadharia ya vitu vinavyojizungusha ilikuja kukamilika mikononi mwa mwanahisabati Euler karne ya 18, kwa hiyo Galileo hakuwa na namna ya kujua zile punti mia tatu zimekwenda wapi. Huwa nawaandikia namba hizo ubaoni kabla ya kuwapa jina la mwenyewe, na huwa wanamwandikia: "tofauti imesababishwa na msuguano."

Kama bado una pengo baada ya kuhesabu mzunguko, endelea na ukaguzi.

Sikiliza mahali reli inapokutana na meza. Ukisikia "tak", kuna kona. Gololi inaigonga meza badala ya kuelekezwa taratibu, na ile sehemu ya kasi iliyokuwa inaelekea chini inafia hapo. Kona ya nyuzi 10 inakula karibu asilimia 3 ya nishati ya kusogea. Kona ya nyuzi 20 inakula karibu asilimia 12. Hasara hii nayo ni ya uwiano, kwa hiyo inaweza kujificha nyuma ya mzunguko, na ndiyo maana nasema sikiliza. Dawa ni kukunja reli kwa upinde mrefu, au kubandika kipande cha kadi ngumu kilichopinda pale kwenye maungio.

Weka pimamaji kwenye sehemu ya mwisho ya reli. Ikiinama kwenda chini kwa nyuzi 3 tu, kwa namba zetu R inapungua zaidi ya sentimita moja. Jicho halioni nyuzi 3. Pimamaji ya fundi ujenzi inaona, na kama huna, weka gololi yenyewe pale mwisho: ikitulia bila kwenda mbele wala nyuma, pako sawa.

Kisha h. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. h ni tofauti ya kimo cha kitovu cha gololi, mwanzoni na inapotoka. Wanafunzi hupima kutoka mezani hadi ncha ya reli, ilhali gololi waliiachia sentimita 2 chini ya ncha kwa sababu vidole vilihitaji nafasi. Au wanapima hadi mgongo wa gololi juu, na hadi sakafu ya reli chini. Kosa la namna hii halifuati uwiano, linakaa palepale, na grafu inalifichua. Chora R² dhidi ya h. Inatakiwa iwe mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Kwa y ya sentimita 75, mwinuko wa mstari utakuwa sentimita 300 kama gololi ingeserereka tu, 214 kwa ubao bapa, 181 kwa reli yetu. Mstari ukinyooka vizuri lakini ukakata mhimili wa h kwenye sentimita 2, huna tatizo la nishati. Una tatizo la rula.

Kuna dalili moja ya ajabu inayowachanganya hata walimu. Unainua reli iwe mkali zaidi, kimo h kikiwa kilekile, na gololi inakwenda mbali kuliko 65.5 au 60. Inaonekana kama nishati imeongezeka. Kilichotokea ni kwamba mteremko umekuwa mkali mno kwa msuguano uliopo na gololi imeanza kuteleza. Mpaka wake kwa ubao bapa ni pale tanjenti ya mwinamo inapozidi mara tatu na nusu ya kizigeu cha msuguano (namba inayoonyesha nyuso mbili zinakamatana kiasi gani). Kikiwa 0.2, ni nyuzi 35. Ikiteleza, haijizungushi inavyotakiwa, fungu la kusogea linakuwa kubwa. Hapa ndipo msuguano unakula nishati kwa joto kweli, na hapo hapo ndipo gololi inakwenda mbali zaidi. Chora mstari wa kalamu ya wino mzito kuizunguka gololi, piga video, uone kama mstari unazunguka kulingana na mwendo.

Kama darasa lina mashaka na habari hii yote ya mzunguko, chukua chupa mbili za maji za nusu lita zinazofanana. Moja jaza maji, nyingine jaza mchanga ulioshindiliwa. Ziachie pamoja juu ya ubao ulioinama. Ya maji inafika kwanza, kwa sababu maji ndani hayakubali kuzunguka mara moja pamoja na chupa, yanashuka tu. Nimewahi kuona kidato kizima kikigoma kuondoka wakati wa mapumziko kwa ajili ya chupa mbili.

Dalili ya pili: nishati imeongezeka

Hili ni kundi la 144. Wao walitumia pendulamu: kitufe (tufe dogo) cha chuma kwenye uzi wa mita moja, wakakivuta hadi nyuzi 30, wakaachia, wakapiga video kwa simu kupata kasi pale chini. Kimo cha kushuka ni sentimita 13.4, na kasi inayotarajiwa ni mita 1.62 kwa sekunde. Wao wakapata 1.94.

Nikawauliza rula ilikuwa wapi. Ilibandikwa ukutani, nyuma ya pendulamu. Kamera ilikuwa mita moja mbele ya pendulamu na ukuta sentimita 20 nyuma yake. Macho ya kamera yanapotazama, sentimita 10 za pendulamu zinafunika sentimita 12 za rula, kwa kuwa rula iko mbali zaidi na inaonekana ndogo. Kasi imekuzwa kwa 1.2, nishati kwa 1.2 mara 1.2. Hiyo ndiyo 1.44, kamili kabisa, na walivyojifunza somo hilo hawatalisahau. Weka rula kwenye bapa lilelile ambalo kitufe kinapita, na usogeze simu nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu.

Kumbuka kasi huingia kwenye nishati ikiwa na kipeo cha pili. Kosa la asilimia 5 kwenye kasi ni asilimia 10 kwenye nishati. Ndiyo maana vitu vidogo vinaonekana kama miujiza.

Simu ina ujanja wake. Ukirekodi kwa mwendo wa polepole, fremu 120 kwa sekunde, na programu ikacheza video kwa fremu 30, saa inayoonekana chini ya video imerefushwa mara nne. Mwanafunzi anayeiamini anapata kasi robo na nishati moja ya 16. Kwa fremu 240 ni moja ya 64. Hii ni rahisi kuitambua maana pengo ni la kutisha: ukiona asilimia 6 ya nishati, usianze kuzungumzia hewa. Rekodi saa ya ukutani yenye mkono wa sekunde kwa mpangilio uleule, uhesabu fremu ngapi zinapita kwa sekunde moja. Fanya hivyo palepale maabara, na taa zilezile, kwa sababu simu nyingi zikiwa kwenye mwanga hafifu hupunguza fremu zenyewe bila kukuomba ruhusa.

Kwa fremu 30 za kawaida, pendulamu ile inasogea sentimita 5.4 kati ya fremu na fremu pale chini, na picha ya kitufe inakuwa mchirizi. Usipime kutoka mwanzo wa mchirizi mmoja hadi mwisho wa mwingine. Mwanzo kwa mwanzo.

Shule zenye kipiga nukta cha kanda ya karatasi zina mtego wa aina yake. Kifaa kinapiga nukta kwa kufuata mzunguko wa umeme, 50 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi moja ni sekunde 0.02. Umeme ukikatika na ukawasha jenereta ndogo, ikilemewa mzunguko unashuka. Ukiwa 47 badala ya 50, na wewe ukaendelea kutumia 0.02, nishati mwendo inaonekana kuzidi kwa asilimia 13. Jaribio la asubuhi na la mchana yanapishana, wanafunzi ni walewale, kigari ni kilekile. Uliza nani aliwasha jenereta.

Dalili ya tatu: pendulamu inachoka haraka

Pendulamu nzuri, yaani kitufe kizito kwenye uzi mwembamba, hupungua polepole. Mizunguko kumi inapita na jicho halijaona tofauti kubwa. Ikipoteza mwendo ndani ya mizunguko michache, anza juu. Uzi uliofungwa kitanzi kwenye msumari unasugua msumari kila unapokwenda na kurudi. Ubane kati ya vipande viwili vya mbao au sarafu mbili ndani ya klampu.

Kisha stendi. Weka kikombe cha maji juu ya meza ileile na utazame uso wa maji pendulamu ikicheza. Maji yakitikisika, meza inalipwa mshahara kutoka kwenye pendulamu. Weka tofali juu ya kitako cha stendi.

Hewa ni ya mwisho. Linganisha kitufe cha chuma na mpira wa pingpong wa ukubwa unaokaribiana. Wa pingpong ukichoka haraka na wa chuma usichoke, umeipata hewa. Ukitaka kuona jinsi kimo kinavyoheshimiwa, fanya alivyoeleza Galileo katika kitabu chake cha mwaka 1638: piga msumari katikati ya njia ya uzi. Uzi unajikunja kwenye msumari, upinde unakuwa mfupi, na bado kitufe kinapanda hadi kimo kilekile kilikotoka.

Dalili ya nne: mpira haurudi kimo chake

Hapa hakuna cha kutengeneza. Mpira unapogonga sakafu unabonyea, na sehemu ya nishati inakuwa joto na sauti. Kanuni za tenisi hata zinadai hivyo: mpira ukiachiwa kutoka sentimita 254 kwenye zege lazima urudi kati ya 135 na 147. Yaani asilimia 53 hadi 58. Mpira unaorudi zaidi ya hapo unakataliwa. Anayetumia mpira unaodunda kuthibitisha uhifadhi wa nishati ya kimekanika amechagua shahidi asiyefaa. Autumie kupima hasara, hapo utamfaa sana.

Dalili ya tano: kigari na uzito unaoning'inia

Asilimia 83 mara kwa mara. Kigari cha gramu 500, uzito wa gramu 100 unaopita kwenye kapi. Wameandika mgh ya uzito, wakailinganisha na ½mv² ya kigari peke yake. Ule uzito nao unakwenda kwa kasi ileile, na umechukua moja ya sita. Jumlisha gramu 600. Kama bado kuna pengo la asilimia chache, kapi yenyewe inazunguka na ekseli zinasugua. Inamisha ubao kidogo mpaka kigari kikisukumwa bila uzito kiende kwa kasi isiyobadilika, ndipo uanze kupima.

Dalili ya sita, nje ya maabara: breki zinanuka

Hii sikuileta mimi. Kijana mmoja ambaye baba yake anaendesha lori alikaa kimya vipindi viwili, kisha akauliza. Lori linashuka mlima Kitonga kule Iringa, juu hadi chini, kwa mwendo uleule. Nishati tuli inapungua kila mita, nishati mwendo haiongezeki hata kidogo. Imekwenda wapi? Halafu akajijibu mwenyewe kwa swali la pili: ile harufu, ni mgh?

Ni mgh. Tukapiga hesabu ubaoni. Lori na mzigo, tani 30. Kwa kila mita 100 za kushuka kwa wima, mgh ni megajuli 29.4. Kiasi hicho kinatosha kuchemsha lita 88 za maji kutoka nyuzi joto 20. Mita 100 zinazofuata, lita 88 nyingine. Yote hayo, kama dereva anakanyaga breki tu, yanaingia kwenye ngoma na brekipedi za magurudumu, ambazo hazina uzito wa kumeza joto hilo wala muda wa kulipumulia nje. Zikipata moto kupita kiasi hazikamati tena. Unakanyaga na lori linaendelea.

Madereva wakongwe wana kanuni yao: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa gia nzito injini inalazimishwa izunguke haraka, inabana hewa na kusukuma vyuma vyake, na joto linatokea kwenye bomba la moshi na rejeta badala ya kwenye magurudumu. Anayeshuka frii ili aokoe dizeli amezikabidhi breki megajuli zote peke yake. Kijana alinakili hesabu ile kwenye karatasi tofauti, akasema anampelekea baba.